Nguo za Qaunaq

Mbwa walimsikia kabla yetu. Ilikuwa majira ya giza, yale ambayo jua halichomozi kabisa na mchana wenyewe ni weupe mwembamba tu upande wa kusini, unaopita upesi. Tulitoka nje tukamwona mtu anakuja kwa miguu kutoka bara, bila sleji ya kukokotwa juu ya theluji, bila mbwa, bila mzigo mgongoni. Mume wangu, Sanguya, alimtazama kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mtu wa namna hii ama ana habari, ama ana njaa."

Alikuwa Amarualik. Tulimjua vizuri: binamu wa shemeji yangu Qaunaq, mgane, mtu wa kukaa kwa huyu mwaka huu na kwa yule mwaka ujao. Mwisho wa kiangazi alikuwa amefuatana na Qaunaq kwenda ziwa la bara kuwinda kulungu. Dada yangu mkubwa, Niviaq, mke wa Qaunaq, alikwenda nao, na binti yao Ulluriaq, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni ndani ya koti la mama yake. Walitakiwa kurudi pwani kwetu mara tu bahari itakapoganda. Bahari iliganda, hawakuja. Tulijiambia wamepata nyama nyingi, hawana haraka.

Tukamwingiza Amarualik ndani, tukamkalisha juu ya kitanda cha theluji kilichotandikwa ngozi, nikamwekea nyama ya sili wa baharini. Alikula bila kuinua uso. Mama mkwe wangu, Kigutaq, ambaye taa ya nyumba ilikuwa yake, aliusogeza utambi ili moto upande kidogo, akangoja mgeni amalize kipande cha kwanza ndipo akauliza.

"Umewaachaje kule?"

"Wazima," alisema Amarualik. "Wazima tu, Mama. Samaki wamejaa ziwani. Wananenepa."

"Na wewe mbona umekuja kwa miguu?"

"Mbwa wameugua wakafa. Ugonjwa ule wa mapovu. Nikaona nisikae kule nikawamalizia chakula."

Sanguya alitikisa kichwa kwa ajili ya mbwa. Mimi nilifurahi kusikia dada yangu mzima, nikamwongezea mgeni nyama. Lakini kulikuwa na jambo. Mtu akiingia nyumbani huvua koti, hulipiga kwa fimbo mlangoni hadi theluji yote itoke kwenye manyoya, kisha hulitundika. Ndani taa inawaka, pumzi za watu zinapasha hewa, wengi wetu hukaa vifua wazi. Amarualik hakuvua. Alilipiga koti likiwa mwilini, akakaa nalo, amevuta kofia nyuma tu.

"Vua, bwana," alisema Mama Kigutaq. "Humu hatuli watu."

"Nina baridi bado, Mama."

"Una baridi na jasho linakutiririka puani. Unachemka kama nyama chunguni."

Alicheka, na sisi tukacheka. Hakuvua.

Siku iliyofuata dhoruba ilishuka. Upepo ulipiga kutoka kaskazini ukaendelea kupiga, na hakuna aliyetoka isipokuwa kuwatazama mbwa. Tulikuwa nyumba tatu pale pwani, na tulitembeleana kwa kutambaa tu kwenye vijia tulivyochimba chini ya theluji. Siku hizo zote Amarualik alikaa kwetu, akala kwetu, akalala na koti lake. Kila nilipofungua macho nilimwona amejikunja pembeni, manyoya ya shingoni yameloa.

Watu wa pwani ile wanaogopa jasho kuliko wanavyoogopa upepo. Baridi tumeizoea; ukiwa mkavu, umevaa makoti mawili, la ndani manyoya yakigusa mwili na la nje manyoya yakitazama upepo, unaweza kukaa juu ya barafu kutwa ukimngoja sili. Lakini ngozi ikiloa kwa ndani, ukitoka nje inaganda, nawe umevaa barafu. Ndiyo maana mwindaji hakimbii hata akichelewa. Mama Kigutaq alimtazama mgeni yule akiozesha nguo nzuri kwa jasho, na kila siku utani wake ulipungua.

Mimi kilichonisumbua ni kingine. Nilikuwa nataka habari za mtoto.

"Shemeji, Ulluriaq anasemaje siku hizi? Amejua kuita watu?"

"Anasema sema tu," alijibu.

"Anasema nini?"

Aliinuka akatambaa kwenda nje, kwenye dhoruba, akasema anakwenda kuwaangalia mbwa. Hawakuwa mbwa wake.

Upepo ulipoanza kuchoka, Mama Kigutaq alisema sasa basi. "Mwanaume huyu akitoka na koti hilo ataganda kabla hajafika nyumba ya pili, kisha mseme nyumba ya Kigutaq imeua mgeni. Vua. Na la ndani vua. Na suruali. Ulayuk atavikausha."

Ulayuk ni mimi. Amarualik alikataa mara moja, akakataa tena, lakini kukataa zaidi ya hapo kungekuwa ni kumtukana mwenye nyumba. Alivua ametugeuzia mgongo, akanipa kimoja kimoja bila kunitazama, akaingia chini ya ngozi za kulalia hadi shingoni.

Nililigeuza koti la ndani juu ya taa, nikaanza kukamua jasho kwenye mishono. Mishono ilikuwa inalala upande wa kushoto.

Dada yangu alishika sindano kwa mkono wa kushoto. Marehemu mama yetu alijaribu kumgeuza utotoni, akashindwa. Mshono wake ulikuwa mdogo, umekazwa hata maji hayapiti, na wote ulilala kule ambako mishono ya wanawake wengine hailali. Nikachukua koti la nje: kushoto. Glavu: kushoto. Suruali ilikuwa ya mtu mrefu, na Amarualik ni mfupi. Miguu ilikuwa imekunjwa ikafungwa kwa kamba. Zilikuwa ngozi mpya, nene, za kulungu wa vuli ile ile. Nguo kamili za mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni Qaunaq.

Nilimpa Mama mkwe mkono wa koti. Aliupitishia kidole, polepole, kama anayetafuta mwiba. Kisha akageuka.

"Amarualik. Hizi nguo ni za Qaunaq."

"Alinipa."

"Alikupa. Sawa." Aliweka koti magotini. "Yeye anavaa nini sasa?"

Nje upepo ulikuwa umetulia kabisa, hata tulisikia mbwa mmoja akijikung'uta. Sanguya alikuwa ananoa kisu, akaacha. Amarualik alitazama dari.

"Kulungu hawakupita," alisema hatimaye. "Walipita njia nyingine. Tulipata wachache tu, mwanzoni kabisa. Niviaq alimshonea Qaunaq kwanza, kwa sababu ndiye mwindaji. Sisi wengine tuliambiwa tungoje kundi lije. Halikuja. Nguo zangu za zamani zilinyonyoka manyoya zikabaki ngozi tupu. Niviaq na mtoto wana za kiangazi."

"Na Qaunaq?"

"Aliteleza kwenye mawe, goti likageuka. Hawezi kutembea. Akasema, vaa hizi, wewe ndiye mwenye miguu, nenda pwani ukamwambie Sanguya aje na mbwa. Wao wakae ndani ya ngozi za kulalia mpaka mrudi."

Niliziweka glavu chini.

"Umekaa hapa dhoruba nzima," alisema Sanguya. "Umekula. Umelala. Umetuambia wananenepa."

"Siku ya kwanza niliogopa mtanivua. Mlikuwa mnazitazama hizi nguo. Mimi sina nyingine, Sanguya, hapa wala kule. Siku ya pili nikaogopa kusema kwamba jana sikusema."

"Kuna kingine," alisema Mama Kigutaq. Hakuwa anauliza.

Amarualik alifunika macho kwa mkono. "Kulikuwa na mfuko mmoja wa mafuta ya sili, ya kula na ya kuwashia taa. Tulipatana nichukue kipande cha kula njiani. Nilitoka wao wamelala. Niliuchukua wote, nikaumaliza njiani."

Hakuna aliyempiga. Hakuna hata aliyempazia sauti. Sanguya alitoka kwenda kuwafunga mbwa, na mimi nikatambaa nyumba hadi nyumba kuomba nguo. Hakuna nyumba iliyokuwa na nguo za ziada majira yale. Walichonipa walikivua mwilini: suruali ya mzee, koti la msichana aliyekuwa karibu kuolewa, soksi za manyoya, buti. Waliovua walirudi chini ya ngozi zao kitandani, na huko walikaa hadi tuliporudi. Nilikwenda na Sanguya kwa sababu nguo zisingewatosha watu wale bila mtu wa kuzirekebisha, na sindano ikishikwa na mwanaume juu ya sleji inapotea.

Nguo za Qaunaq tulizikausha, tukaziweka juu kabisa ya mzigo. Amarualik alituona tukizifunga.

"Mnaniacha na nini?" aliuliza.

"Na ngozi ya kulalia," alisema Mama mkwe, "na taa, na nyama. Ni zaidi ya ulichowaachia wao. Hakuna aliyekufunga kamba."

Njia ya kwenda ziwani inafuata mto ulioganda. Dhoruba ilikuwa imeufagia hadi barafu ikawa nyeusi na tupu, na mbwa waliteleza wakilia. Baridi iliyofuata dhoruba ile ilikuwa ya namna ambayo mate yanaganda kwa mlio yakitoka mdomoni. Tulikuwa tunatazamana uso kila mara. Doa jeupe likitokea shavuni mwa mmoja, mwenzake analifunika kwa kiganja mpaka damu irudi. Sanguya hakuniruhusu kukimbia kando ya sleji nipate joto. "Utatoka jasho," alisema, "halafu nitakuwa na mwingine wa kumwokoa." Tulilala kwenye vijumba vya theluji alivyojenga upesi, na hata humo tulizungumza kidogo tu. Nilikuwa nafanya hesabu isiyo na namba: mafuta yameisha, taa imezimika, maji hayayeyuki, watu watatu wanapashana joto kwa miili yao tu, na kila siku Amarualik alipokuwa anakula nyama yangu, wao walikuwa wanasikiliza kama mbwa wanakuja.

Tulipofika ziwani, hakuna mbwa aliyetubwekea. Nyumba ya theluji ilikuwa imefunikwa nusu. Nyumba yenye taa, ukiitazama katika weusi ule, huwa inang'aa kwa ndani kama ganda la yai. Hii ilikuwa ya kijivu. Tundu la hewa juu lilikuwa limezibwa na pumzi iliyoganda, isipokuwa kijitobo kidogo kama cha kidole.

"Kuna pumzi," alisema Sanguya. Hakungoja kuutafuta mlango. Alikata ukuta kwa kisu cha theluji.

Harufu ilikuwa ya baridi, ndiyo njia pekee ninayoweza kuisema. Kitandani kulikuwa na rundo la ngozi, limeganda juu kwa pumzi. Nililikuta gumu, nikalivunja kwa ngumi. Kwanza nilimwona Qaunaq. Alikuwa upande wa ukutani, amegeuza mgongo kuelekea theluji, na nywele zake zilikuwa zimeshikana na ukuta. Alikuwa amekufa. Mbele yake, amebanwa kifuani pake, alikuwa dada yangu, na kati ya kifua na mapaja yake alikuwa mtoto, amezungushiwa nguo zote za kiangazi za watu watatu. Mtoto alifumbua macho akanitazama bila kulia.

Niviaq alihitaji muda kuipata sauti yake. Neno la kwanza alilolisema lilikuwa hili: "Amarualik alifika?"

Nilimfunika mabega kwa ngozi.

"Tulijua amekufa njiani," alisema. "Dhoruba ilipoanza tulijua. Qaunaq alilia. Alisema, 'Nimemtuma ndugu yangu kufa kwa sababu ya mguu wangu.'" Alipumzika. "Na mbweha akaja akaiba mafuta, siku ile ile Amarualik alipoondoka. Fikiria. Mfuko mzima."

Sanguya aligeuka akaanza kuziba ukuta alioukata. Aliuziba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi niliwasha taa, nikayeyusha maji, nikampa mtoto mafuta kwa ncha ya kidole. Kisha nikafungua mzigo ili kuwavisha, na kwa kuwa nguo za Qaunaq zilikuwa juu kabisa, ndizo zilizotoka kwanza.

Dada yangu aliziona. Alinyoosha mkono akaugusa mshono wa begani.

"Mmemkuta wapi?" aliuliza. "Alikuwa mbali sana na pwani?"

"Hatukumkuta njiani, dada. Yuko nyumbani kwetu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya dhoruba."

Nilimwambia yote, na habari za mfuko wa mafuta pia. Alisikiliza akiwa anamtazama mtoto anavyonyonya kidole changu. Hakulia. Aliniambia tu, "Nisaidie kuvaa," na alipokataa koti la yule msichana nilielewa. Alivaa nguo za mumewe, zote, kuanzia soksi hadi glavu. Zilimpwaya, na ndani ya koti kubwa kulikuwa na nafasi ya mtoto. Qaunaq tulimwacha pale pale kitandani. Ardhi ilikuwa imefungwa na theluji, hakukuwa na jiwe la kumfunikia, na mbwa walikuwa wamechoka. Sanguya aliukaza mlango na kuta ili mbweha wasiingie.

Tuliporudi pwani, Niviaq ndiye aliyetangulia kuingia nyumbani. Mama Kigutaq alinisimulia baadaye kile Amarualik alichokiona: mlango wa kutambaa, na ndani yake kofia ya Qaunaq ikiingia, mabega ya Qaunaq, mikono ya Qaunaq. Alirudi nyuma kitandani hadi akagonga ukuta. Niviaq alisimama, akaivuta kofia nyuma. Alimtazama, kisha akaenda upande wa pili wa taa akakaa.

Siku nyingi waliishi hivyo, taa moja katikati yao. Amarualik hakuwa na nguo, hakuweza kutoka. Niviaq hakumsemesha. Nilianza kuogopa nyumba yangu mwenyewe; niliogopa kuwaacha peke yao, na niliogopa zaidi kukaa nao. Mtoto alipata nguvu akaanza kutembea juu ya kitanda, na mara moja alimwendea Amarualik, akamwita kwa jina. Basi alikuwa amejua kuita watu. Amarualik alijifunika ngozi kichwani.

Kisha asubuhi moja dada yangu aliomba ngozi. Mama mkwe alitoa mbili za kitandani kwake, nami nikatoa nyingine. Akakaa kushona. Sote tulijua anashona vipimo vya nani, kwa sababu alimpima kwa macho tu, wazi kabisa, kama mtu anavyotazama mnyama atakayemchuna. Nilidhani nimemwelewa. Ni rahisi sana kumuua mtu kwa sindano kwetu: unaacha mshono mmoja kwapani haukukazwa, unatumia ngozi ya kiangazi ambayo manyoya yake hayashiki, naye anatembea hadi mahali fulani, basi. Usiku alipolala nililichukua lile koti nikalikagua, mshono kwa mshono. Lilikuwa limekazwa. Lilikuwa koti zuri kuliko langu.

Alipomaliza alimtupia nguo zote magotini, na hapo ndipo aliposema naye.

"Vaa. Nenda ukamfunike Qaunaq. Mawe yapo kwenye kilima nyuma ya ziwa, utayachimbua."

"Nitakwenda," alisema Amarualik.

Sanguya alisema atampeleka kwa sleji. Niviaq alikataa. "Aende kama alivyokuja."

Mama Kigutaq alimfungia nyama na mafuta, mfuko mzima, akamkabidhi mkononi mbele yetu sote. Amarualik alivaa, akatoka. Jua lilikuwa limeanza kurudi siku zile, ukingo mwekundu tu juu ya barafu, na tulimwona akifuata mto hadi akawa doa, akapotea. Hakurudi. Jamaa wa kambi za kusini, waliopita kwetu baadaye, hawakuwa wamemwona.

Theluji ilipolainika tulikwenda ziwani, Sanguya, Niviaq na mimi. Nyumba ilikuwa imeanguka. Qaunaq hakuwa ndani. Alikuwa juu ya kilima, amelazwa uso kuelekea maji, na mawe yamepangwa juu yake kwa uangalifu, makubwa chini, madogo yamezibia nafasi, hata mbweha hakupata pa kuingizia pua. Mtu aliyechimbua mawe yale kutoka ardhi iliyoganda lazima vidole vyake viliharibika.

Pembeni ya kaburi kulikuwa na nguo. Koti la nje, koti la ndani, suruali, glavu, buti, vyote vimekunjwa, na jiwe juu yake ili upepo usivichukue. Mfuko wa mafuta ulikuwa pale pia, haujafunguliwa. Sanguya alizunguka kilima chote, akashuka hadi ziwani, akapanda upande wa pili. Hakukuta mtu, wala mfupa, wala alama.

Mimi niliokota koti nikalipeleka puani. Lilikuwa kavu. Nikamwambia dada yangu ngozi bado ni nzima, inatosha kumshonea Ulluriaq koti na suruali, hatujui kama kulungu watapita safari hii.

"Chukua mafuta," alisema Niviaq. "Nguo ziache."

"Zitaoza, dada."

"Nimesema ziache. Huenda akazijia."

Alishuka kilima kuelekea sleji, hakugeuka nyuma. Nilirudisha koti chini ya jiwe, nikalikunja kama lilivyokuwa, nikabeba mfuko wa mafuta. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nageuza shingo kutazama mto nyuma yetu, na nilimwona Sanguya naye anageuza.